Matembezi ya Varberg: Upepo wa bahari, jua na dawa iliyochelewa

Msomaji wetu, kwenye pwani ya magharibi ya Uswidi, kama kilomita 75 kusini mwa jiji la Göteborg, kuna mji mdogo unaoitwa Varberg. Mbele yake ni bahari ya Kattegat, inayoitenganisha Uswidi na Denmark. Majira ya joto yakifika, watu humiminika huko kuogelea, kuendesha vibao vyenye tanga juu ya mawimbi na, zaidi ya yote, kutembea kwa miguu. Ipo njia ya ukingoni mwa bahari, zipo za msituni, na zipo zinazopita kwenye maeneo ya ndege.

Huenda una ndugu anayeishi Uswidi na siku moja utamtembelea. Huenda hutafika kamwe. Hata hivyo, mji huu unastahili nafasi katika safu ya afya, kwa sababu Varberg ilikuwa mji wa wagonjwa kabla haijawa mji wa watalii. Tangu karne ya 19 watu walikwenda huko kunywa maji ya chemchemi yaliyosifiwa kuwa na madini, kuoga maji ya chumvi na kuvuta hewa ya bahari. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, wakaanza kuletwa watoto wenye kifua kikuu cha mifupa na tezi.

Ukiipita njia ya pwani ya Varberg kwa macho ya mzazi, utaondoka na funzo ambalo wahudumu wa kliniki zetu hulirudia kila siku. Hewa safi, jua, chakula bora na mwendo ni wasaidizi wakubwa wa mwili, lakini havikai mahali pa dawa. Dawa nayo haikai mahali pa hivyo vyote.

Anzia kwenye ngome

Matembezi mazuri ya Varberg huanzia kwenye ngome kubwa ya mawe iliyo juu ya mwamba, ikitazama bahari. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1280, wakati eneo hilo la Halland lilipokuwa chini ya Denmark. Uswidi ililipata mwaka 1645. Baadaye sehemu ya ngome iligeuzwa gereza, na wafungwa wa mwisho waliondoka mwaka 1931.

Leo ndani yake kuna makumbusho. Kinachowavuta watoto zaidi ni mabaki ya mwanamume wa karne ya 14 yaliyopatikana mwaka 1936 kwenye ardhi ya kinamasi, mashariki ya mji. Kwa kuwa udongo wa kinamasi hauna hewa ya kutosha kuozesha vitu haraka, nguo zake zimebaki karibu kamili: joho, kanzu, soksi ndefu na kofia inayofunika kichwa na mabega. Ukiwa na mtoto anayelalamika kuwa kutembea kunachosha, mwahidi kituo cha namna hii mwanzoni au mwishoni mwa safari. Mtoto hutembea vizuri zaidi akiwa na kitu cha kwenda kukiona.

Nyumba ya kuogea maji baridi

Karibu na ngome utaona jengo lisilo la kawaida, limesimama juu ya nguzo ndani ya bahari, lenye vibanda vya duara kwenye pembe na mapambo yanayokumbusha majengo ya nchi za Waarabu. Hiyo ndiyo nyumba ya kuogea maji baridi, iliyojengwa mwaka 1903 baada ya zile zilizoitangulia kuharibiwa na dhoruba. Wanawake wana upande wao na wanaume wana wao. Watu hukaa kwanza kwenye chumba cha mvuke na joto kali, sauna, halafu huteremka ngazi na kujitumbukiza baharini, hata wakati wa baridi kali.

Wenyeji hutoka humo wakiwa wachangamfu, na wengi husema wanalala vizuri. Lakini kama una shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au umewahi kupata kiharusi, usijaribu jambo hili bila kuzungumza na daktari wako. Mwili ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi kali, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, moyo hukimbia na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Kwa kijana mwenye afya ni mshtuko wa muda mfupi. Kwa mwenye moyo dhaifu, mapigo yanaweza kuvurugika. Mjamzito naye asikae kwenye sauna bila ushauri wa mkunga au daktari, maana joto kali la mwili si zuri kwa mimba, hasa ikiwa changa.

Tahadhari hii haiishii Uswidi. Anayeishi nyanda za juu na kuoga maji ya baridi alfajiri, huku akijua ana tatizo la moyo, aoge maji ya vuguvugu.

Njia ya ukingoni mwa bahari

Kutoka hapo unaelekea kusini. Njia inafuata ukingo wa bahari, miamba na mawimbi upande mmoja, na ardhi yenye nyasi na vichaka upande wa pili. Sehemu kubwa ni tambarare. Utakutana na wazee wenye fimbo, wazazi wanaosukuma vigari vya watoto, na vijana wanaokimbia. Mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida hufika kwenye ghuba ya Apelviken kwa muda usiozidi saa moja.

Zamani, kwenye miji ya chemchemi ya Ulaya, kutembea kulikuwa sehemu ya maagizo ya daktari. Mgonjwa aliamka mapema, akanywa maji kwa kipimo, akatembea, akapumzika, akaoga. Leo tunajua kwamba maji ya chemchemi hayakuwa na miujiza. Lakini mtu aliyetoka kwenye mji uliojaa moshi wa makaa ya mawe, akaacha kazi ngumu na pombe kwa wiki kadhaa, akala kwa wakati na kutembea kila siku, bila shaka alijisikia nafuu. Sifa zikaenda kwa maji, na miguu ikasahauliwa.

Apelviken, ghuba ya watoto

Unapofika Apelviken unaona ufuko mpana wa mchanga na vibao vyenye tanga vikikimbia juu ya maji, kwa sababu upepo wa magharibi huvuma hapo kwa nguvu. Nyuma ya ufuko kuna majengo makubwa ambayo leo ni hoteli. Hapo ndipo palipokuwa na sanatoria ya pwani, iliyoanzishwa na daktari Johan Almer kwa ajili ya watoto wenye kifua kikuu.

Si kila kifua kikuu hukaa kifuani. Vijidudu vyake, vilivyotambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, vinaweza kusafiri kwa damu na kutua kwenye tezi za shingo, nyonga, goti au uti wa mgongo. Mtoto anavimba tezi zinazopasuka na kutoa usaha, anachechemea bila kuanguka popote, au mgongo wake unaanza kupinda hadi anakuwa na kibiongo. Watoto wengi wa Ulaya wa wakati huo walipata aina hii kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe wenye ugonjwa.

Hapakuwa na dawa. Madaktari walishika walichokuwa nacho: hewa ya bahari, maji ya chumvi, chakula cha kutosha, mapumziko na jua. Imani ya tiba ya mwanga ilikuwa kubwa. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa miale ya taa maalumu. Katika sanatoria za pwani, watoto walitolewa nje na vitanda vyao, wakalazwa vibarazani wakitazama bahari. Aliyeoza mfupa wa mgongo au nyonga alifungwa hogo na kulala hivyo kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Mzazi alimwacha mwanawe hapo, akarudi nyumbani na kungoja barua.

Baadhi walipona. Mwili uliolishwa vizuri na kupumzishwa ulifaulu kuuzungushia ugonjwa ukuta. Wengine waliondoka na mguu mfupi au mgongo uliopinda maisha yao yote, na wengine hawakuondoka. Ukisimama mchangani pale leo, huku watoto wakijenga nyumba za mchanga, kumbuka kwamba kulikuwa na watoto walioitazama bahari hiyohiyo kutoka kitandani.

Walichopatia na walichokosa

Tusiwacheke madaktari wale. Kuna mambo waliyoyapatia.

Kwanza, chakula. Mwili wenye utapiamlo hushindwa kupambana na kifua kikuu. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Jharkhand nchini India na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba familia za wagonjwa wa TB zilipopewa chakula cha ziada, idadi ya ndugu walioupata ugonjwa ilipungua sana.

Pili, hewa. TB ya mapafu huambukizwa kupitia hewa ya chumba kilichofungwa. Kufungua madirisha na milango hupunguza vijidudu vinavyoelea ndani. Nyumbani kwako, ukiwa na mtu anayekohoa, usizibe dirisha kwa mbao au nguo nzito.

Tatu, jua. Mwili hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, nayo huimarisha mifupa. Varberg iko mbali kaskazini. Mwezi Desemba mchana wake ni wa saa saba hivi tu, na jua ni dhaifu. Ndiyo maana hadi leo watoto wachanga wa Uswidi hupewa matone ya vitamini D kila siku mpaka wafikishe miaka miwili. Kwetu jua lipo, lakini bado tunaona watoto wenye matege yanayotokana na mifupa laini, hasa wanaofungiwa ndani siku nzima au wanaofunikwa gubigubi kila wanapotolewa nje. Mtoe mtoto nje asubuhi, acha mikono na miguu yake ione jua kidogo. Kumwanika kwenye jua kali la mchana hakuhitajiki. Ikiwa mtoto ana ulemavu wa ngozi, mkinge na jua na umwombe daktari ushauri wa vitamini D.

Walichokosa ni silaha ya kumuua adui mwenyewe. Jua huimarisha mfupa, lakini haliui vijidudu vilivyojificha ndani ya mfupa. Vitamini D haitibu TB. Upepo wa bahari hautibu TB.

Dawa ilitoka jirani

Jambo la kushangaza ni kwamba moja ya dawa za mwanzo kabisa za kifua kikuu ilipatikana Göteborg, safari fupi ya treni kutoka Apelviken. Mtaalamu Jörgen Lehmann, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Sahlgrenska, alijua kwamba vijidudu vya TB hutumia oksijeni zaidi vinapokutana na kemikali iliyo ndugu wa aspirini. Akawaza: ikiwa vijidudu vinakipenda chakula hiki, je, tukikibadilisha kidogo kiwe chakula bandia, vitakula na kudhoofika? Ndivyo ilivyokuwa. Dawa hiyo, inayoitwa PAS kwa kifupi, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1944.

Karibu wakati huohuo streptomaisini iligunduliwa Marekani. Kila moja ikitumiwa peke yake, mgonjwa alipata nafuu kisha ugonjwa ukarudi ukiwa sugu. Zilipotumiwa pamoja, usugu ulipungua sana. Mwaka 1952 ikaongezeka isoniazidi, na sanatoria za Ulaya zikaanza kukosa wagonjwa.

Hadithi haikuishia Ulaya. Matibabu ya siku hizo yalichukua mwaka na nusu au zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, tafiti zilizofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, zilionyesha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini unaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita. Dozi ya miezi sita inayotumika duniani leo ina deni kwa wagonjwa wa ukanda wetu waliokubali kushiriki.

Sasa unajua kwa nini mhudumu anakupa vidonge vyenye dawa kadhaa, na kwa nini anasisitiza umalize. Ukiacha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekwisha, unavirudisha vijidudu kwenye enzi ya dawa mojamoja.

Mzazi, angalia dalili hizi

Dalili ya mvua ni mawingu. Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona haya:

Kikohozi kinachozidi wiki mbili, homa zinazojirudia, kutoongezeka uzito au kupungua, na uchovu, yaani mtoto aliyekuwa akicheza sasa anapenda kukaa tu.

Tezi ya shingoni au kwapani iliyovimba kwa wiki kadhaa, hata kama haiumi.

Maumivu ya mgongo yasiyoisha. Mtoto mdogo hatasema mgongo unauma. Utamwona anachuchumaa kuokota kitu badala ya kuinama, analala upande mmoja, au analia usiku anapogeuka.

Uvimbe kwenye mstari wa uti wa mgongo, au kuchechemea bila kuumia.

Miguu kulegea, ganzi, au mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kuanza upya pamoja na maumivu ya mgongo. Hii ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto wa namna hii usimpeleke kukandwa wala kunyooshwa mgongo. Mfupa uliooza unaweza kuvunjika na kuubana uti wa mgongo, naye akapooza. Usimpe mazoezi wala matembezi marefu hadi daktari aruhusu.

Watoto wengi hawawezi kutoa makohozi, lakini hilo lisikukatishe tamaa. Siku hizi hata choo cha mtoto kinaweza kupimwa, pamoja na picha ya eksirei na historia ya nani nyumbani aliugua. TB ya mapafu kwa kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Baadhi ya watoto ambao ugonjwa wao si mkali hutibiwa kwa miezi minne. TB ya mifupa huhitaji hadi miezi 12. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya.

Kama mtu mzima nyumbani amekutwa na TB, wapeleke watoto wote wachunguzwe, hata wasiokohoa. Wasioumwa wanaweza kupewa dawa ya kukinga. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto anapozaliwa humkinga na TB kali za utotoni, zikiwemo za ubongo, ila haizuii kila aina. Hapa pia pwani ile ina mchango wake: daktari wa watoto Arvid Wallgren wa Göteborg alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia chanjo hiyo kwa kuchoma ndani ya ngozi, kuanzia mwaka 1927. Kovu dogo kwenye bega la mwanao linatokana na njia hiyo.

Na maziwa chemsha. Maziwa mabichi, hata ya ng'ombe wako mwenyewe anayeonekana mnene, yanaweza kubeba TB na ugonjwa wa kutupa mimba unaowapata binadamu pia, bruselosi.

Njia nyingine za kutembea

Turudi Varberg, maana safari haijaisha. Upande wa kaskazini wa mji kuna Getterön, rasi yenye hifadhi ya ndege na kituo cha kuwaelimisha wageni. Watu hukaa kimya na darubini, wakihesabu ndege wanaopita kwenda na kurudi Afrika. Kwa mgonjwa anayepata nafuu ni mahali pazuri: unatembea kidogo, unakaa, unatazama, unatembea tena. Matembezi ya mgonjwa yanapaswa kuwa hivyo, yenye vituo.

Mashariki ya mji kuna Grimeton, kituo cha redio kilichojengwa miaka ya 1922 hadi 1924 ili kutuma simu za maandishi kwenda Marekani. Minara yake sita ya chuma ina urefu wa mita 127 kila mmoja, na tangu mwaka 2004 kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtoto anayependa mitambo atatembea bila kusukumwa.

Mbele zaidi kuna misitu ya Åkulla, yenye miti mirefu ambayo mwezi Mei huchipua majani ya kijani kibichi. Njia zake hupanda na kushuka kando ya maziwa. Uswidi ina desturi iliyolindwa na sheria, ambayo humruhusu kila mtu kutembea misituni bila kulipa, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi asiharibu kitu wala kusogelea nyumba za watu.

Msituni kuna kupe. Kupe wa Uswidi wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, na katika baadhi ya maeneo homa ya virusi inayoshambulia ubongo. Vaa suruali ndefu, ingiza miguu yake ndani ya soksi, na mkirudi mkague mtoto mwili mzima: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio. Kupe aliyeng'ang'ania mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano na umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Likitokea duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari. Hata huku kwetu, anayetoka machungani au porini afanye ukaguzi huohuo.

Kwa wenye nguvu zaidi kuna njia ya baiskeli ya Kattegattleden, iliyofunguliwa mwaka 2015, inayofuata pwani kutoka Helsingborg hadi Göteborg na kupita Varberg. Si lazima uimalize. Wengi huendesha kipande kimoja na kurudi kwa treni.

Anza na njia yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mwendo wa wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia, kucheza na kutembea. Hakuna aliyesema lazima pawepo bahari ya Kattegat. Njia ya kwenda sokoni, uwanja wa shule, au kushuka kituo kimoja kabla ya chako vinatosha.

Pima mwendo wako kwa mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, avikague ndani kabla ya kuvaa na akague nyayo akirudi. Anayechoma insulini au kunywa dawa zinazoshusha sukari abebe kitu kitamu mfukoni. Ukitetemeka, ukatokwa jasho la baridi na kichwa kikawa chepesi, kaa chini, ule, na usitembee hadi utulie.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Hewa baridi na vumbi huweza kuamsha shambulio. Funika mdomo na pua kwa kitambaa chepesi.

Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu ameanza kutembea na kipimo kimeshuka. Mwonyeshe daktari kipimo hicho, yeye ndiye apunguze dozi.

Mgonjwa wa TB aliyeanza dawa na kupata nguvu atembee nje taratibu, dakika tano, kisha kumi. Kutembea kunarudisha misuli na hamu ya kula. Akikohoa damu, akapata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, arudi hospitali.

Kwa yeyote: maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au shingoni, kizunguzungu kikali, au pumzi inayokatika wakati wa kutembea ni ishara ya kusimama na kutafuta msaada mara moja.

Watoto wa Apelviken walipewa bahari, jua, maziwa na kitanda kibarazani, wakaikosa dawa kwa sababu ilikuwa haijagunduliwa. Mtoto wa leo anaweza kuvipata vyote. Kama kuna vidonge vilivyobaki nyumbani kwako kabla dozi haijaisha, vimezwe leo kwa saa yake. Halafu mshike mkono mwanao, mtoke nje.